Sekunde Thelathini za Lango la Nne

"Tano, nne, tatu, mbili, moja. Kanyaga."

Mama Veneranda Kapufi akakanyaga. Baiskeli ilikuwa imefungwa sakafuni kwa boliti nne na haikwenda popote, lakini gurudumu lake la mbele, bamba zito la chuma, lilizunguka mpaka likavuma. Oresta Sikazwe, mpimaji, akaachia uzito wa breki. Kilo sita na gramu mia tatu zikauma ukingo wa gurudumu, na mama yule wa miaka arobaini na minane akaguna kama mtu aliyetwishwa gunia bila kuambiwa.

"Usibakize kitu, Mama. Toa yote sasa hivi."

Kwa sekunde tano mstari kwenye skrini ulipanda vizuri. Hizo ni sekunde ambazo misuli hutumia nguvu iliyolala ndani yake. Baada ya hapo mwili huendelea kufanya kazi bila kungoja hewa, na hauwezi kufanya hivyo kwa muda mrefu. Ilipofika sekunde ya kumi na mbili mstari ulianza kushuka. Ilipofika ya ishirini uliporomoka. Mama Veneranda alikuwa amefumba macho, meno nje, mashavu yanatikisika, na magoti yake yalipanda na kushuka kama yamefungiwa mawe.

"Thelathini. Acha."

Aliteremka akashika ukuta, akaiinamia ndoo iliyowekwa pale kwa kazi hiyo. Oresta alimpa maji akasubiri.

"Ngapi?" Mama Veneranda aliuliza alipoweza kusema.

"Wati mia nne thelathini na moja, kwa wastani."

"Na mwezi wa tatu?"

"Mia nne themanini na nane."

"Lango linataka mia nne themanini." Aliketi kwenye benchi, akajifuta uso kwa khanga aliyokuwa ameitundika msumarini. Kisha akacheka kidogo, bila sauti. "Basi nimefeli. Miaka tisa naomba nifeli, dada yangu, na kila nikipanda hilo dude miguu inanisaliti, inakanyaga. Leo imechoka yenyewe."

Oresta hakucheka. Alikuwa anaandika, na kalamu ilikuwa imesimama kwenye kisanduku cha mwisho cha fomu, kile kinachouliza: *Mbadala amepatikana?*

Kituo cha Nkamba kilikuwa mita elfu moja na mia moja chini ya Bonde la Rukwa. Watu walishuka huko kwa mkataba wa miaka miwili kuchimba heli, gesi inayopozesha mashine za hospitali na zile kompyuta kubwa zinazoendesha nusu ya dunia. Mwamba uliohifadhi heli ulihifadhi pia naitrojeni, na mara moja kwa miaka miwili mitatu ulipasuka mahali ukazitema zote mbili kwa pamoja. Gesi hiyo haina harufu, haiwaki, haiwashi macho. Inachofanya ni kuifukuza hewa. Mtu huvuta pumzi mbili tatu za kawaida, kisha miguu inamwisha.

Zamani malango yalifungwa kwa mota. Miaka kumi na minne iliyopita mwamba ulipasuka, umeme ukakatika kabla ya kitu kingine chochote, na malango yakabaki wazi huku watu sitini na mmoja wakilala walipokuwa wameketi. Tangu hapo kila lango hufungwa kwa miguu. Kando ya lango kuna chumba kilichochongwa ndani ya mwamba, chembamba kama kabati, chenye kiti, pedali na dirisha dogo la kioo kinene linalotazama handaki. King'ora kikilia, mfungaji anakanyaga. Akiondoka kitini, uchorongaji husimama na lango hubaki limefungwa. Gesi hutumia sekunde thelathini kutoka kwenye mwamba unaochorongwa kwa mashine hadi Lango la Nne. Nyuma ya lango hilo kuna ukumbi wa mitambo, na ndani ya ukumbi kuna watu thelathini na wanane.

Kwa wati mia nne themanini lango hufunga sekunde ya thelathini. Kwa mia nne thelathini na moja hufunga sekunde ya thelathini na nne.

Na sheria ilisema mfungaji hapandi juu mpaka apatikane wa kumrithi.

"Wameniambia leo mchana unampima fundi wa vichorongeo," Mama Veneranda alisema akiwa mlangoni. "Yule Mnyakyusa mrefu. Ana mapaja."

"Tutaona, Mama."

"Sikuombi kitu. Nasema tu ana mapaja."

*

Ambwene Mwakatobe aliingia akiwa amenyoa ndevu. Alikuwa na miaka thelathini na moja na kilo themanini na mbili, na mkataba wake ulikuwa umebakiza siku kumi na moja. Alipanda baiskeli bila kuuliza kitu, akapasha mwili moto dakika tano kama alivyoelekezwa, na alipohesabiwa akakanyaga huku amekunja uso. Alihema kwa kelele. Aliguna. Mwishoni aliteremka akajitupa sakafuni.

Wati mia nne na mbili.

"Nimejitahidi, dada," alisema akitazama dari.

"Kaa vizuri. Nitakuchoma kidogo sikioni."

"Kwa nini?"

"Kawaida tu."

Alisubiri dakika nne, akachukua tone la damu kwenye ndewe ya sikio la kushoto, akaliweka kwenye mashine ndogo. Misuli inapofanya kazi bila kungoja hewa huacha asidi laktiki, na asidi hiyo hupita kwenye damu, wala hakuna mtu anayeweza kuiamuru ibaki au iondoke. Mtu aliyetoa yote hupata kumi na mbili, kumi na tatu, wengine kumi na tano. Asubuhi Mama Veneranda alikuwa na kumi na tatu na nusu.

Ambwene alikuwa na nne nukta nane.

Oresta aliisoma namba ile mara mbili. Kisha akaenda kufunga mlango wa chumba, akarudi kuketi kwenye benchi, mbali kidogo naye.

"Kaka Ambwene, uliwahi kukimbiza baiskeli juu?"

"Niliendesha bodaboda ya miguu Tukuyu. Kubeba ndizi. Milima unaijua."

"Damu yako inasema ulikuwa unatembea."

Ambwene aliketi wima. Kule kuhema kote kulikuwa kumeisha, na hapo wote wawili walielewa kwamba hakukuwa na haja ya kuendelea kuigiza.

"Baba yangu anapoteza kumbukumbu," alisema. "Nilipokuwa nashuka alikuwa anasahau funguo. Jumapili mbili zilizopita nilimpigia, mama akamshikia simu usoni, akaniita Asegelile. Asegelile ni mdogo wake, alikufa mimi sijazaliwa. Jumapili iliyopita hakuniita kitu. Alinitazama tu kama mtu anayetazama mpita njia." Alijikuna sikio pale alipochomwa. "Sihesabu miaka miwili, dada. Nahesabu miezi. Daktari amesema labda minne, labda mitano, kisha hatajua tena kama aliwahi kuwa na mtoto. Nikiwekwa kwenye kiti kile nitatoka lini? Mama Veneranda alikuja kwa miaka miwili."

"Nyuma ya lango kuna watu thelathini na wanane."

"Nawajua. Nala nao."

"Ukiondoka, anabaki Mama Veneranda. Sekunde thelathini na nne."

"Mwamba haujapasuka miaka mitatu."

"Ndiyo maana naogopa."

Ambwene alisimama, akachukua shati lake. Alikuwa mrefu mpaka kichwa chake kikakaribia taa. "Hakuna mtu anayekulazimisha kuandika hiyo namba ya damu," alisema kwa upole. "Andika mia nne na mbili. Ni kweli. Ndivyo baiskeli ilivyosema."

*

Fomu ilitakiwa ofisini baada ya siku tatu.

Siku ya kwanza Oresta alipanda baiskeli mwenyewe. Alijifungia, akajipangia breki, akakanyaga mpaka akaona nyota. Mia tatu kumi na mbili. Alikaa sakafuni, ladha ya chuma mdomoni, akajua kwamba njia ile, ambayo ingemfanya ajisikie mtu mwema, haikuwepo.

Siku ya pili alikwenda kwa Meneja Mzamilu Kajura, mtu wa Bukoba mwenye sauti ya chini na dawati lisilo na karatasi hata moja.

"Mfungaji wa Nne ameshuka chini ya kiwango," alimwambia. "Na tatizo si yeye, Meneja. Tatizo ni kiti kuwa kimoja. Tukipanua chumba wakae wawili, kila mmoja atahitaji wati mia mbili na arobaini. Nusu ya watu wa kituo hiki wanaziweza. Mtu akichoka anapumzika, akimaliza mkataba anaondoka."

"Kupanua chumba cha lango ni kusimamisha uchorongaji."

"Wiki mbili tatu."

"Bi Oresta, sisi hatujasimama siku mbili tangu nifike hapa." Alisema bila ukali. "Umempima yule fundi?"

"Nimempima."

"Kwa hiyo?"

Oresta alimtazama. Alijua kwamba akisema neno moja hapo, mtu ambaye wakati huo alikuwa akifungasha mabegi yake angefungiwa chini ya ardhi, na kwamba meneja huyu angeona tatizo limekwisha. Na asiposema, tatizo lingekwisha vilevile, mpaka siku ya king'ora.

"Bado sijamaliza," alisema.

Jioni alimkuta Mama Veneranda peke yake kwenye bwalo, anakula ugali na dagaa. Alikaa mbele yake. Mama Veneranda alimsogezea sahani, wakala pamoja.

"Anaweza," Mama Veneranda alisema hatimaye, bila kuinua macho. "Umekaa kama mtu aliyemeza mfupa. Kwa hiyo anaweza, na amekuambia sababu."

"Ana sababu nzuri."

"Hapa chini hakuna mtu mwenye sababu mbaya. Wanangu wawili wameoa mimi niko kwenye kile kiti. Mjukuu wangu namjua kwa picha." Alimega tonge, akalishika bila kulila. "Unajua kinachonisumbua? Usiku silali, naota nakanyaga na lango haliji. Naliona pengo. Naona sura zao moja moja kwenye pengo. Siku hizi naota hata nikiwa macho. Kama utaniacha pale, niache. Lakini usiniambie kwamba ni kwa huruma."

Siku ya tatu Oresta aliandika namba zote mbili, ya baiskeli na ya damu. Baadaye alitafuta moyoni mwake pa kuegemeza uamuzi ule, hakupaona.

Jaribio ambalo damu imelikataa hurudiwa kila siku mpaka damu ikubali, hata mkataba ukiisha. Ambwene alirudi kesho yake, na kesho kutwa yake, mara zote meneja akiwa amesimama pembeni. Siku ya pili ya marudio zile siku zake kumi na moja zilikuwa zimebaki sita. Alipanda baiskeli, akaweka mikono kwenye usukani, na badala ya kutazama mbele alimgeukia Oresta. Alimtazama hivyohivyo sekunde zote thelathini, bila kuguna wala kukunja uso, huku gurudumu likilia kama linataka kung'oka sakafuni.

Wati mia sita hamsini na tano. Asidi kumi na nne nukta mbili.

"Sekunde ishirini na mbili," Meneja Mzamilu alisema. Alionekana kushangaa kweli. "Hatujawahi kuwa na lango la sekunde ishirini na mbili."

Ambwene alitapika kwenye ndoo, akajifuta, akatoka. Tangu hapo hakusema na Oresta. Wakikutana ukumbini alipita kama anapita mlingoti.

Mama Veneranda alipanda juu kesho yake asubuhi. Oresta alimsindikiza hadi kwenye lifti. Mama yule alikuwa analia na kucheka, hajui aanze na kipi, na kabla mlango wa lifti haujafungwa alimshika mkono.

"Lango la Tano," alisema. "Lile la zamani, huko mbele, waliloacha walipoanza kuchoronga upande wa pili. Fundi mmoja mzee aliniambia lilikuwa na viti viwili. Sijawahi kwenda kuliona, sikuruhusiwa kuacha kiti lango likiwa wazi. Wewe unaweza."

*

Ilimchukua wiki mbili kupata kibali cha saa moja.

Kupita Lango la Nne kwenda upande wa mwamba lazima uache kibati chenye jina lako kwa mfungaji, naye akitundike kwenye ubao ulio mbele ya macho yake, ili ajue nani yuko nje. Ambwene alikuwa kwenye kiti. Oresta alimnyooshea kibati kupitia kitundu.

"Naenda Lango la Tano. Nitarudi kabla ya saa tano."

Ambwene alikipokea, akakitundika. Kwenye ubao hakukuwa na kibati kingine; vichorongeo viliendeshwa kutoka ukumbini.

Handaki lilikuwa limenyooka, na mashine za kuchoronga zilisikika mbali mbele kama mtu anayesaga nafaka nyumba ya tatu. Alitembea mita mia na sitini akageukia njia iliyoachwa. Lango la Tano lilikuwa limefunikwa na vumbi jeupe. Aliingiza kichwa kwenye chumba chake, akamulika. Viti vilikuwa viwili, kimoja nyuma ya kingine, na mnyororo mmoja mrefu. Watu waliokuwepo kabla yao walikwisha kufikiria jambo hili, wakalitengeneza, na baadaye mtu mmoja mahali fulani akaamua kwamba kiti kimoja kinatosha. Oresta alitoa futi ya fundi akapima. Upana sentimita sabini na tano, urefu mita mbili na sentimita kumi. Kilichokosekana kwenye Lango la Nne kilikuwa sentimita tisini za mwamba. Aliandika namba kwenye kiganja kwa kalamu, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na haraka kuliko daftari.

Alikuwa anarudi, amebakiza mita kama mia moja na ishirini, ardhi ilipotikisika chini ya viatu vyake. Taa za handaki zikazimika zote. Mbele, kwenye dirisha dogo la kioo, taa ndogo ya betri ya Lango la Nne ikawaka nyekundu, na king'ora kikaanza.

Alikimbia.

Alikimbia kama alivyowafundisha watu kukanyaga, bila kubakiza kitu, na wakati miguu inakimbia kichwa chake kilikuwa kinahesabu, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ambayo kichwa chake kilijua. Mita mia na ishirini, kwa buti hizi, sekunde ishirini na saba. Lango la sekunde ishirini na mbili. Baada ya sekunde ya kumi na nane pengo halipitishi tena mtu. Lingekuwa lango la Mama Veneranda angepita, na gesi ingepita nyuma yake.

Aliliona lango likianza kwenda, kivuli kizito kikila ule wekundu kutoka pembeni. Lilikwenda haraka. Ndani ya kioo kulikuwa na kichwa kinachopanda na kushuka.

Na akajua jambo lingine. Kama Ambwene angeona taa ya kofia yake ikimjia mbio, angeweza kupunguza. Sekunde mbili tu, kumpa mtu nafasi. Mtu yeyote mwenye moyo angefanya hivyo. Lakini Oresta alikuwa ameichora mistari ile mara mamia. Miguu iliyotoa yote ikisimama baada ya sekunde ya kumi, haianzi tena. Inakuwa maji. Lango lingebaki pale lilipo.

Kila mita hamsini kulikuwa na shubaka lililochongwa ukutani, lenye barakoa ya hewa ndani ya sanduku. Moja lilikuwa hatua nne mbele yake, upande wa kulia. Oresta alinyoosha mkono kichwani, akazima taa, akajitupa humo gizani.

Alipasua sanduku kwa kupapasa, akavaa barakoa, akakaza mikanda nyuma ya masikio. Hapohapo upepo ulipita handakini, mrefu, bila harufu, ukimpeperushia vumbi magotini. Kutoka upande wa lango ukasikika mlio mmoja wa chuma kugonga chuma.

Alikuwa amehesabu. Ishirini na mbili.

Barakoa ilikuwa na hewa ya dakika thelathini kwa mtu anayetembea. Kusafisha handaki kwa feni za akiba kungechukua karibu saa nzima, tena kama feni zingewaka. Mwili wake ulikuwa umetoka kukimbia kwa nguvu zote, sasa uliidai hewa ile uliyoikosa, na kwa dakika tatu za kwanza hakuweza kuuzuia. Alihema kama mnyama, akijua kila pumzi ni kubwa mno. Kisha alilala chali juu ya mawe. Alilegeza mikono, akalegeza shingo, akalegeza miguu kuanzia vidole. Mtu aliyelala bila kujitikisa hutumia theluthi ya hewa ya anayetembea. Aliwahi kuwafundisha watu hilo darasani, Sumbawanga, watoto wa kidato cha tatu waliokuwa wakisinzia.

Ukuta ulikuwa sentimita chache kutoka kwenye pua yake. Hakuuona, ila aliusikia, sauti ya pumzi yake ikirudi. Hakuweza kuketi, hakuweza kusimama, hakuweza kuita, kwa sababu kuita ni kutumia hewa. Alifikiri kwamba huku ndiko alikowaweka watu. Chumba cha upana wa kabati na kazi moja tu: usitoke. Hakulia, kulia nako kunatumia hewa.

*

Walimtoa baada ya dakika hamsini na sita. Midomo yake ilikuwa ya bluu na hakukumbuka kubebwa. Upande wa pili wa lango, watu wote thelathini na wanane walikuwa wazima.

Siku ya tatu, kwenye chumba cha wagonjwa, Meneja Mzamilu alikuja na maua ya karatasi. Hapakuwa na maua mengine huko chini.

"Umeokoa kituo," alisema. "Wewe na vipimo vyako."

Oresta alifungua kiganja. Wino ulikuwa umefifia lakini ulisomeka. "Mita mbili na kumi," alisema. "Lango la Tano lina viti viwili. Sentimita tisini tu, Meneja. Mashine zimekwisha kusimama kwa ajili ya ajali, huna cha kusimamisha."

"Tutaliangalia."

"Sitampima mtu mwingine mpaka mliangalie. Na bila sahihi yangu hamna mfungaji mpya hapa, wala kwenye malango mengine sita."

Meneja aliyatazama maua yake.

"Unajua naweza kuleta mpimaji mwingine."

"Mlete. Atachukua miezi miwili kufika na kujifunza. Mwamba umeshakuonyesha unachofikiri kuhusu miezi miwili."

Walichonga kwa siku kumi na tisa. Mafundi waliokuwa wakila bwaloni na Ambwene walichonga kwa zamu bila kuagizwa, na siku ya ishirini watu wawili wa kawaida, mpishi na karani wa stoo, walifunga Lango la Nne kwa sekunde ishirini na nane wakateremka wakicheka.

Ambwene alikuja chumba cha vipimo kesho yake, begi mgongoni, kuomba sahihi ya kupanda juu. Oresta aliiweka kwenye karatasi na kumrudishia. Ambwene hakuondoka. Alisimama akiitazama baiskeli.

"Nilikuona," alisema.

Oresta aliinua macho.

"Kwenye dirisha. Taa yako ilikuwa inakuja. Inaruka, inakuja. Nilikuwa na kibati chako hapa mbele ya uso." Aliongea taratibu, kama mtu anayeteremka ngazi gizani. "Nikasema, nitapunguza. Mguu ukakataa. Au mimi nilikataa, sijui. Halafu taa ikazimika."

"Niliizima mimi."

"Najua sasa. Wameniambia. Siku ile sikujua. Nilijua umeanguka. Nilijua umekufa, na mimi bado nakanyaga." Alishika usukani wa baiskeli. "Saa nzima, dada. Nilikaa kwenye kile kiti saa nzima, lango limefungwa, siruhusiwi kutoka, natazama kioo cheusi."

Oresta aliweka kalamu chini. Katika mahesabu yake yote pale handakini, hilo hakulihesabu. Aliizima taa ili amwondolee mzigo.

"Nilidhani nakusaidia," alisema.

"Najua ulidhani."

Nje, mtu aliita kwamba lifti iko tayari. Ambwene aliikunja karatasi mara mbili akaitia mfukoni mwa shati.

"Jumapili baba aliongea nami," alisema. "Hakunijua. Ila aliniuliza nimekula. Kwa hiyo nakwenda kula naye." Alifika mlangoni akageuka. "Sijakusamehe bado. Nilitaka ujue kwamba nakwenda hivyo."

"Nenda salama, kaka Ambwene."

Aliinama ili kichwa kisigonge mlango, akatoka. Oresta alisikia hatua zake hadi kwenye lifti, kisha mlango wa chuma, kisha mvumo wa kamba ukipanda, ukipungua. Aliusikiliza mpaka hakuwa na uhakika kama bado anausikia, na mtu aliyefuata kwenye orodha alikuwa amekwisha kuketi kwenye benchi, anavua viatu.